Chumba cha Maharage

Maharage makavu yana harufu, ingawa wengi husema hayana. Fungua gunia lililokaa ndani muda mrefu, ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, uone. Inapanda harufu ya vumbi tamu, ya maganda, na ya majivu yaliyochanganywa humo kuzuia wadudu. Wiki iliyopita harufu hiyo ilinikuta ukumbini kwa mteja, hapa mjini Kasulu, nilipokwenda kupima madirisha.

Mteja wangu ni dada anayetarajia mtoto wake wa kwanza. Alinifungulia chumba kilichopakwa rangi ya samawati. Kitanda kidogo kilikuwa kimeshatandikwa, ukutani pamechorwa mawingu, na nguo za mtoto zilikuwa zimepangwa kwa rangi. Alitaka mapazia yenye nyota. "Dada, nataka mtoto akifika akute kila kitu tayari," aliniambia huku akishika kiuno. Nikatabasamu kama fundi anavyopaswa kutabasamu, nikapima dirisha, nikasahau kipimo, nikapima tena, nikasahau tena. Pua yangu ilikuwa bado ukumbini, kwenye gunia la maharage lililoegemezwa ukutani. Moyo wangu ulikuwa Murungu, wilaya ya Kibondo, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yangu.

Niwaambie mapema jinsi nilivyo, msije mkanishangaa mbele ya safari. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Ushonaji nilijifunza mwenyewe, kwa kufumua nguo kuukuu na kuzishona upya, na mpaka leo nafumua kuliko ninavyoshona. Mshono ukipinda kidogo tu silali. Mume wangu husema nikipewa mbingu nitauliza kwa nini nyota hazikupangwa mstari. Ugonjwa huu sikuupata ukubwani. Nilikuwa nao nikiwa darasa la tatu, mwaka ambao tumbo la Mama lilianza kukua na watu wote nyumbani wakajifanya hawalioni.

Nasema wote. Baba alikuwa akitazama mlango Mama alipopita. Bibi, mama yake Baba, ambaye ndiye aliyekuwa serikali ya nyumba yetu, alikuwa na majibu yake kwa kila aliyeuliza. Jirani yetu Mama Eliya alipita asubuhi moja akielekea shambani, jembe begani, ukungu bado umelala bondeni.

"Mwakeye!" alisalimu kwa Kiha. "Huyo mkwe wako anaendeleaje?"

"Tunashukuru," alijibu Bibi bila kuinua uso kwenye ungo. "Tumbo linamsumbua. Amezidisha maharage."

"Maharage ya mwaka huu yanajaza kweli," alisema Mama Eliya, uso mkavu kabisa, akaendelea na njia yake. Mabega yake tu ndiyo yaliyokuwa yakicheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na hesabu zangu kichwani. Kabla ya tumbo hilo lilikuwapo tumbo jingine, nikiwa mdogo, na mtoto aliyetoka humo hakukaa. Mambo ya wakati ule nayakumbuka vipandevipande: wanawake wamekaa chini kwenye majani sebuleni, Baba ametazama ukuta, na mimi nimesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma nikiangalia ndani. Chumba kilikuwa kitupu. Hapakuwa na mkeka, hapakuwa na kitambaa, hata beseni halikuwapo. Palikuwa na sakafu ya udongo tu na mwanga wa dirisha.

Hakuna mtu aliyenieleza jambo lolote, na mtoto asiyeelezwa hujieleza mwenyewe. Nilijieleza hivi: yule mdogo wangu alikuja kama mgeni, akachungulia, akaona hapakuandaliwa kitu. Kwetu mgeni akifika hupewa kiti kabla hata hajataja jina. Mgeni asipopewa hata pa kukaa, atafanya nini? Atakwenda zake. Na sasa mwingine alikuwa njiani, na watu wazima walikuwa wanarudia kosa lilelile mbele ya macho yangu. Chumba cha nyuma kilikuwa na majembe, kikapu kilichotoboka na utando wa buibui. Bibi alisema maharage. Sikuwa na wa kumwambia hofu yangu.

Basi nikaamua kukiandaa mwenyewe.

Mfano nilikuwa nao. Mzee Shabani, mwenye duka Kibondo mjini, mtu wa asili ya Pwani aliyekuja huku kijana akazeekea huku, alikuwa akifunga sukari kwa karatasi za magazeti ya zamani. Siku moja Baba alirudi na sukari ndani ya picha ya chumba cha mtoto. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Kuta nyeupe. Mstari mwekundu wa maua umezunguka chumba kizima. Juu ya kitanda vinaning'inia vitu vidogo, na kitanda chenyewe kina fito pembeni kama banda la sungura. Fito zile zilinisumbua, mpaka nilipoamua kwamba watu wa kwenye picha wanafuga mbwa wakali. Niliikung'uta sukari, nikailaza picha chini ya godoro langu.

Udongo mweupe, ule tuitao ingwa, niliuchota bondeni walikochimba wafyatua matofali. Nilikuwa nikiubeba kidogokidogo ndani ya sketi ya shule. Mwekundu ulikuwa umetuzunguka kila mahali, huhitaji kuutafuta. Nilitegea wakati Bibi na Mama wako shambani, nikafagia, nikaondoa buibui, nikapaka ule ukuta wa dirishani kwa kitambaa kilicholoweshwa, tabaka juu ya tabaka. Ingwa ikiwa mbichi ina rangi ya kijivu, inakukatisha tamaa. Ikikauka ndipo inapong'aa. Niliporudi siku ya pili nikaukuta ukuta umekuwa mweupe kama maziwa, nilikaa chini nikaushangilia peke yangu, bila sauti.

Vizibo vya soda nilivitoboa kwa msumari nikavitunga kwenye kamba ya katani. Pazia nililishona kwa mkono kutoka kwenye kipande cha kitenge cha Mama kilichoungua kwa pasi. Ndiyo kazi yangu ya kwanza ya pazia, na mishono yake ilikuwa kama meno ya mzee. Ukabaki mstari wa maua. Sikujua kuchora maua, nikachora pembetatu nyekundu kwa kidole, moja baada ya nyingine, kuanzia mlangoni. Zilikwenda vizuri. Nilijisahau kwa furaha. Nilipofika karibu na dirisha nikarudi nyuma kuangalia, moyo ukanikatika. Mstari ulikuwa umeshuka. Ulianza usawa wa kifua changu ukaishia karibu na kiuno, kama ng'ombe waliotelemka kunywa maji.

Nilijaribu kufuta nikachafua. Nikapaka ingwa juu, wekundu ukapenya. Nililia kilio cha kweli, nikijua mgeni wetu akiingia tu ataanza kuutazama ule mstari. Mpaka leo nikishika futi kupima dirisha la mtu, ule mstari huwa naanza kuuona kabla sijaliona dirisha.

Bibi alinikuta hapohapo. Aliingia na kikapu cha maharage kichwani, akakitua taratibu. Alitazama ukuta. Alitazama vizibo vinavyozunguka kwenye upepo wa dirishani. Nilifuta machozi nikasubiri asifie vile vingine na asamehe mstari.

"Jene," alisema, "hiki ni chumba cha nini?"

"Cha mtoto."

Kiganja chake kilifika mdomoni kwangu kabla neno halijaisha. Hakunipiga. Alinifunika tu, mkono mgumu wenye harufu ya majivu, na akatazama nje ya dirisha kama mtu anayehakikisha hakuna aliyepita.

"Ni chumba cha maharage," alisema kwa sauti ya chini. "Sema."

"Ni chumba cha maharage."

"Mtu akikuuliza shuleni?"

"Ni chumba cha maharage."

"Padri akikuuliza?"

Hapo nilisita, kwa sababu Bibi huyohuyo alikuwa akikaa benchi la mbele kanisani na alinifundisha kwamba kumdanganya padri ni dhambi kubwa. Lakini macho yake hayakuwa na mzaha. "Ni chumba cha maharage, Bibi."

Jioni ile ile magunia yaliingizwa. Kwanza Bibi alitundika mikeka chakavu kuufunika ukuta wangu kutoka juu mpaka chini, kisha magunia yakapangwa mbele yake. Kamba ya vizibo ilishushwa, pazia likakunjwa, vyote vikatokomea. Na kama vile hayo hayakutosha, kuku wa kahawia aliyekuwa akitafuta pa kuatamia aliletwa akawekwa kwenye kikapu kilichotoboka, pembe ya dirishani, mahali hasa nilipokuwa nimemwekea mdogo wangu. Kuku yule alikuwa na kiburi. Nilipochungulia mlangoni alinitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji aliyechelewesha kodi.

Nilikwenda kwa Mama. Alikuwa ameegemea ukuta uani, anamenya mihogo, miguu imevimba.

"Mama, mtoto akija atalala wapi?"

Kisu kilisimama. "Mtoto gani?" aliuliza kwa upole. Kisha akanivuta, akanilaza kichwa upande wa lile tumbo lisilokuwapo, na mtu wa ndani akanipiga teke shavuni. Nilihisi tumbo lote likitikisika, na sikujua kama anacheka au analia.

Siku zilizofuata nilikonda. Nilimwombea mtoto awe haoni vizuri. Niliomba awe mvumilivu. Kila nilipopita kwa Mama Eliya nilitamani kumwomba atuazime hata beseni, lakini nilikumbuka kiganja cha Bibi. Nyumbani kwake niliona siku moja mkeka mdogo mpya, mzuri, umening'inizwa juu ya mlango, kingo zake zimesukwa kwa ukili wa zambarau. Nikaona wivu. Mama Eliya hakuwa hata na mtoto mdogo. Watu wasio na mgeni ndio wenye mikeka.

Mama alipelekwa kituo cha afya kwa pikipiki asubuhi moja ya mvua, katikati ya Baba na dereva, amejifunika turubai. Walirudi keshoye na furushi. Nilikimbilia kulichungulia. Mdogo wangu wa kiume alikuwa mwekundu, amekunja uso kama mtu aliyeamshwa bila sababu. Bibi aliwaingiza chumbani kwa Mama, akafunga mlango, akakaa kizingitini kama askari. Waliopita waliambiwa mkwe wake anapumzika, maharage yameshuka. Hakuna aliyepiga kigelegele. Nililala chini ya mlango ule kusikiliza kama bado analia, na kila alipolia nilimshukuru Mungu kwamba bado hajaondoka.

Kisha ikafika siku ya kumtoa nje mtoto, ile siku ambayo kwetu mtoto akiwa ameshakaa na watu wanaanza kuamini, mama hutoka naye uani akaone jua. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulielewa kwa miaka mingi.

Walianza kuja. Mama Eliya alifika na ule mkeka wenye ukili wa zambarau kichwani. Nyuma yake mwanamke mwingine, beseni. Mwingine, kibao cha kukalia mama anapomwogesha mtoto, kimelainishwa mpaka kinateleza. Mzee mmoja wa kanisani alileta ingobyi, ngozi ya kondoo ya kumbebea mtoto mgongoni, ileile iliyombeba Baba. Wa mwisho alikuwa Mzee Shabani mwenyewe, kofia yake nyeupe, amepanda pikipiki kutoka mjini na kifurushi kikubwa mapajani: blanketi, chandarua kidogo, na kanga.

"Bi mkubwa," alisema akishuka kwa shida, "chukua mzigo wako. Umenikalia dukani tangu mahindi mabichi. Panya wangu wamechoka kuniuliza ni wa nani."

"Mzigo gani?" Bibi alikunja uso. "Mimi siujui mzigo wala panya."

"Subhanallah! Na huyu aliyekuwa akija kuupapasa kila siku ya mnada ni nani? Mzuka?"

"Labda ni mzuka wa kwenu Pwani. Wa huku hawapendi kutembea."

Ua mzima uliangua kicheko. Bibi akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akakishika kile kifurushi, akakipakata, na kicheko kikamgeukia kikawa kitu kingine. Mama Eliya ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Wengine wakapokea, na mpaka ng'ambo ya bonde nadhani walijua kwamba tumbo la mkwe wa Bibi halikuwa la maharage.

Mimi nilidhani ni zawadi. Nilidhani watu wametuhurumia.

"Toeni magunia," Bibi aliamuru.

Yule kuku alitolewa na vifaranga vyake, kwa kelele. Magunia yakaburutwa. Mikeka chakavu ikashushwa. Nilijificha nyuma ya mlango, kwa sababu nilijua kilichokuwa nyuma ya mikeka: ukuta uliochubuliwa, na ule mstari.

Ukuta ulikuwa mweupe. Haukuwa na mchubuko hata mmoja. Na niliposogea karibu nikaona kwamba ingwa ilikuwa mpya. Mahali palipokuwa pameanza kubanduka palikuwa pamepakwa tena, na pale nilipochafua kwa kufuta palikuwa pamesafishwa. Pembetatu zilikuwa zimekolezwa wekundu, moja baada ya nyingine, kwa kidole kinene kuliko changu. Lakini mstari haukuwa umenyooshwa. Mkono ule ulikuwa umeufuata kama nilivyouacha, kuanzia usawa wa kifua mlangoni, ukitelemka, ukitelemka, mpaka kiunoni karibu na dirisha. Kamba ya vizibo ilirudishwa. Pazia langu la meno ya mzee likatundikwa mbele ya watu wote. Mama aliingia na mtoto, akausoma ukuta wote toka mlangoni, akaketi kwenye mkeka wa zambarau chini ya mwisho wa mstari. Akanipakata na mimi, mkubwa mzima, pamoja na huyo mgeni.

Hakwenda kokote. Bibi alimwita Giharage, yaani haragwe moja, na jina hilo lilikataa kutoka. Leo ni dereva wa bodaboda Kibondo, ana ndevu, ana jina zuri la ubatizo, lakini Mama Eliya akimwona barabarani humwita hivyohivyo kwa sauti kubwa mbele ya abiria.

Nilikuwa msichana mkubwa Mama aliponieleza habari ya yule mdogo wangu wa kwanza, tukiwa tunachambua maharage, wawili tu. Yule aliandaliwa kila kitu. Walinunua beseni mapema, walishona nguo, walimpa jina akiwa bado tumboni, kijiji kizima kilijua. Alipoondoka, Bibi alitoa vyote nje siku ileile, akagawa kwa wapita njia, kisha akafagia. Chumba kile kitupu nilichokuwa nimekiona mlangoni, ambacho nilidhani ndicho kilichomfukuza, kilikuwa chumba baada ya kila kitu.

Bibi mwenyewe nilimuuliza katika uzee wake, alipokuwa akishinda juani na blanketi miguuni. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa kijana, na alijua kuficha vitu kabla ya kujua kuvitumia.

"Kifo ni kivivu," alinieleza, kama anayemzungumzia jirani asiyempenda sana. "Kinaingia penye kelele. Kikikuta chumba cha maharage kinapita. Hakina akili ya kwenda kuuliza kwa Mama Eliya."

"Na ukuta? Ni wewe uliyeupaka?"

"Nilikuwa nampelekea kuku maji," alisema. Hilo ndilo lililokuwa ungamo lake.

"Kwa nini hukuunyoosha ule mstari, Bibi? Ulikuwa umepinda."

Alinitazama kwa kunihurumia. "Ningeunyoosha ungekuwa wangu," alisema. "Mtoto alikuwa amechorewa na dada yake."

Nililia siku ile kwa sababu ambayo sikuweza kuitaja. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikiamini kwamba katika nyumba ile ni mimi peke yangu niliyemngoja. Kumbe alingojwa na mtaa mzima, kila nyumba imeshika kipande chake cha chumba, na waliokuwa wakimngoja kuliko wote ndio waliokuwa hawasemi.

Mapazia ya mteja wangu nimeyamaliza. Nimeyafumua mara chache kuliko kawaida. Nimemtakia heri kwa moyo wote, maana kila mtu humngoja mtoto kwa lugha aliyofundishwa, na chumba chake cha samawati ni kizuri kwelikweli.

Ninyi mnisomao mkipita Kasulu karibuni nyumbani. Mtaona nina chumba cha nyuma, kina magunia, baiskeli mbovu na kuku mmoja mwenye kiburi. Jirani yangu Mama Zuhura ana pazia dogo jeupe lililokunjwa ndani ya sanduku lake, lenye pembetatu nyekundu ambazo sikuzinyoosha. Nikinunua kitambaa cha shuka, huwa sipiti nacho kwangu. Na mkiniona natembea polepole, nimeshika kiuno, msiniulize mengi. Tumbo linanisumbua kidogo.

Chumba? Ni cha maharage.